Mibiringanya Iliyonyolewa

Mwanamke mmoja alikaa miezi kumi na mmoja akihesabu nywele za majani ya mbiringanya. Hakuwa na wazimu wala hakuwa akitumikia adhabu. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo cha utafiti wa mboga, na hiyo ndiyo kazi aliyopangiwa. Wenzake walimwita Hadubini, kwa kuwa asubuhi, mchana au alasiri ungemkuta ameinamia chombo hicho, jicho moja wazi na jingine limefumbwa kama mtu anayelenga ndege. Mkono wa kushoto ulishikilia kipande cha jani, wa kulia ulibonyeza kihesabio kidogo cha chuma kama kile cha walinzi wanaohesabu watu mlangoni. Ka, ka, ka. Chumba kizima kililia ka.

Mume wake alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa barabara ya nyuma ya kituo, chenye kiti kimoja cha kuzunguka na kioo kilichopasuka pembeni, na hakuna mteja aliyekaa kwenye kiti kile bila kuusikia utani wake: "Mimi nanyoa, mke wangu anahesabu. Mtaa huu hakuna unywele unaopotea."

Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, hakuuona utani wowote. "Niliambiwa mwanangu ameoa msomi," alikuwa akiwaambia majirani. "Kumbe elimu yote ile ni ya kuhesabu nywele, tena za mboga!"

Lakini kazi ile ilikuwa na maana. Mbiringanya una adui mdogo kuliko nukta ya kalamu anayeitwa utitiri. Hukaa chini ya jani, mahali ambapo mkulima haangalii, akifyonza utomvu mchana kutwa. Jani huanza kuwa na vidoa vyeupe kama limenyunyiziwa unga, kisha hugeuka rangi ya shaba, kisha utando mwembamba hulifunika, na siku mkulima anapogundua kwamba ana mgeni, mgeni ameshakuwa na vitukuu. Dawa za kunyunyizia husaidia kidogo, halafu hazisaidii tena. Basi kituo kilitaka kujua kama kuna aina ya mbiringanya inayoweza kujitetea yenyewe.

Aina zilikuwa kumi na mbili, na kila moja ilipewa namba. Hadubini alichuma jani la tatu kutoka kileleni, akalipindua, akakata kipande cha ukubwa wa kifungo cha shati, akahesabu. Nywele za mbiringanya si kama za kichwani. Kila mmoja una kishina kifupi, na juu yake umetawanyika kama nyota. Zikiwa nyingi, nyota hizo hushikana mikono zikawa dari juu ya jani.

Namba Kumi na Moja ilikuwa na dari hasa. Hadubini aliwahi kuweka kidudu kimoja juu ya jani lake akakitazama. Kilipanda, kikateleza, kikainua mguu, kikanasa, kikajaribu kuzunguka. Chakula kilikuwa chini yake kabisa, lakini mdomo haukufika. Kilikufa siku ya pili, kama mtu aliyekufa njaa juu ya paa la ghala. Kwenye Namba Saba mambo yalikuwa kinyume. Jani lilikuwa na nywele chache na fupi, za kuhesabika kwa vidole. Kidudu kilitembea juu yake kama bwana harusi kwenye zulia, kikala, kikataga mayai, kikakaribisha ukoo.

Hadubini aliandika yote hayo kwenye ripoti ya kurasa arobaini. Shida ilikuwa moja tu: Namba Saba ilikuwa mtoto wa Mkurugenzi.

Mkurugenzi wa kituo alikuwa mtu aliyependa ulaini. Kichwa chake kilinyolewa kila Ijumaa kwenye kibanda cha mume wa Hadubini mpaka kikang'aa. Suruali yake ilikuwa na mkunjo ambao ungeweza kukata mkate, ndiyo maana watu wa chini, akiwa mbali, walimwita Bwana Pasi. Meza yake ilikuwa na kioo juu, na kioo kilipanguswa mara mbili kwa siku. Namba Saba alikuwa ameizalisha mwenyewe kwa miaka tisa, akiichagua kizazi baada ya kizazi: jani nyororo, kijani kinachometa, tunda jeusi la zambarau unaloweza kujitazamia. Alitaka itolewe kwa wakulima kabla hajastaafu. Jina lake alikuwa ameshalichagua, Fahari, na inasemekana alikuwa amelifanyia mazoezi kulitamka mbele ya kioo.

Ripoti ilipofika, aliitisha kikao. Kituo kile kilikuwa na utitiri wa kamati: ya ubora, ya mazingira, ya chai, na moja ya kuratibu kamati. Siku hiyo zilikaa zote kwa pamoja.

"Bi Hadubini," Mkurugenzi alianza, "nimeisoma ripoti yako."

Haikuwa kweli. Alikuwa amesomewa ukurasa wa kwanza na Katibu Muhtasi wake, mama mmoja mwenye vidole vyepesi aliyechapa haraka kuliko alivyofikiri.

"Neno nywele limo mara mia mbili na kumi na nne," Mkurugenzi aliendelea. "Niliagiza lihesabiwe. Sasa nauliza, hiki ni kituo cha utafiti au ni saluni?"

Wajumbe walicheka. Walicheka kwa kipimo, si kidogo mpaka aone wananuna, wala si sana mpaka ashuku wanamcheka yeye.

"Mkurugenzi, nywele ndiyo habari yenyewe," alisema Hadubini. "Wingi wake na urefu wake. Namba Saba haina, ndiyo maana utitiri..."

"Namba Saba ni laini. Kilicho laini ni safi. Wewe uliona wapi mteja anafika sokoni anasema, nipimie biringanya lenye nywele?"

"Nywele ziko kwenye jani. Tunda halina nywele."

"Mtoto hufanana na mzazi," alisema Mkurugenzi, na wajumbe wakaandika maneno hayo kwenye daftari zao.

Uamuzi ukapita. Ripoti isikataliwe, kwa maana makao makuu walikuwa wakiisubiri, ila neno lile liondolewe, litafutwe jingine lenye heshima. Kuhusu Namba Saba, kamati iliridhika kwamba udhaifu wake mbele ya utitiri ulikuwa "changamoto ya muda".

Hadubini alirudi nyumbani na sura iliyokunjamana. Alipika akitupatupa vijiko. Mume wake alikuwa akipangusa mashine zake za kunyolea kwa brashi, akamtazama kwa pembe ya jicho.

"Nani kakuudhi?"

"Bosi wako wa Ijumaa. Hataki nywele kwenye ripoti."

"Hata kwenye kichwa hazitaki. Mwandikie manyoya."

"Manyoya ni ya kuku."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, akichambua maharagwe. Hakuinua macho. "Zile nyororo za mwilini, zinazosimama ukisikia baridi, sisi tunaziita malaika. Neno zuri, tena la staha. Au kwenye vitabu vyenu halimo?"

Limo. Hadubini alishangaa hakulikumbuka. Kesho yake alimpa Katibu Muhtasi ripoti, na Katibu Muhtasi, bila kuuliza, aliiamuru kompyuta ibadilishe nywele kuwa malaika mara mia mbili na kumi na nne, akanywa chai. Kisha akaandika barua ya kuisindikiza, yenye muhtasari wa sentensi moja: *Kituo kimethibitisha kwamba malaika wanailinda mibiringanya dhidi ya adui.* Akaona sentensi imekaa vizuri. Mkurugenzi akaona karatasi imenyooka. Akatia sahihi.

Haikupita wiki, simu ikalia kutoka makao makuu. Mheshimiwa mwenyewe, mwenye dhamana ya kilimo, angekuja kukitembelea kituo baada ya siku ishirini na nne. Kwa miaka kumi na sita hakuna mheshimiwa aliyewahi kukanyaga pale. Mkurugenzi aliweka simu chini, akaketi, akasimama, akajipangusa kipara kwa leso.

"Wameisikia Fahari," alimwambia Katibu Muhtasi. "Sifa njema haijifichi."

Maandalizi yakaanza. Kuta zikapakwa chokaa. Mbwa wa mlinzi akaogeshwa. Kutoka lango kuu hadi ukumbini kulikuwa na njia ya mawe ya hatua sitini, na Mkurugenzi alitaka pande zote mbili zipangwe vyungu vya Namba Saba, viwe gwaride la kijani. Lakini Namba Saba, wakati huo, ilikuwa mahututi nyuma ya ghala. Ilikuwa imenyunyiziwa dawa mara tano. Kila mara utitiri ulipungua kwa siku mbili tatu, kisha ukarudi na ndugu zake, kwa sababu dawa ilikuwa imewaua wadudu wema waliokuwa wakiula. Hadubini alikuwa amelisema hilo, kwa mdomo na kwa maandishi. Aliambiwa asilete uchuro.

Mimea pekee iliyokuwa na afya ya kuonyesha watu ilikuwa Namba Kumi na Moja. Mkurugenzi alimeza mate, akakubali. Vyungu arobaini vikapangwa, ishirini kulia, ishirini kushoto. Akafanya mazoezi ya kutembea, yeye akijifanya mgeni na Katibu Muhtasi akijifanya yeye. Katikati ya njia akainama, akalishika jani kwa upole kama anavyotarajia mgeni angefanya, akalipapasa, kisha bila kufikiri akajishika shingo.

Baada ya dakika kumi alikuwa akijikuna kama aliyeangukia upupu.

Hadubini aliitwa mbio.

"Majani yako yananiwasha!"

"Ni zile nywe... ni malaika, Mkurugenzi. Nyota zake ni kali kidogo. Osha kwa maji, itapoa."

"Mgeni akiwashwa? Mbele ya kamera? Unajua itakuwaje?" Alijikuna tena. Ndipo wazo likamjia, na uso wake ukanawiri. "Mume wako si kinyozi?"

"Ni kinyozi."

"Basi aje ayanyoe."

Hadubini alidhani hakusikia vizuri. "Anyoe nini?"

"Majani. Yote ya njiani. Yawe laini. Kichwa changu anakinyoa haubaki unywele hata mmoja, itamshinda mboga?"

Jioni hiyo Hadubini alimwambia mumewe akitegemea wacheke pamoja, kisha wapange namna ya kukataa. Mume hakucheka. Alitazama vidole vyake.

"Usiniambie unafikiria," alisema Hadubini.

"Mke wangu, nimenyoa walimu, nimenyoa maharusi, nimenyoa maiti. Jani sijawahi."

"Ni upuuzi, baba!"

"Upuuzi kwa agizo la serikali ni kazi," alisema mama mkwe kutoka pembeni, na kwa mara ya kwanza alionekana kuifurahia familia yake.

Kesho yake asubuhi kinyozi aliingia langoni na sanduku lake na agizo la Mkurugenzi lenye sahihi. Alifunga kitambaa cheupe kwenye shingo ya chungu cha kwanza, kwa mazoea tu, kisha watu walipocheka akakiacha makusudi. Alijaribu mashine, ikararua jani. Akajaribu mkasi, ukapita hewani. Mwishowe akachukua wembe mpya, akalaza jani juu ya kiganja, akaparaza polepole kutoka kwenye kikonyo kuelekea nchani, juu kisha chini, akipuliza vumbi jeupe lililotoka. Ilikuwa kazi safi. Jani lilibaki zima, limenyooka, linang'aa.

"Nikupunguze pembeni, mzee?" alikiuliza chungu cha pili, na wafanyakazi wote wa kituo, waliokuwa wameacha kazi kuja kutazama, wakaangua kicheko.

Alinyoa siku mbili. Alimaliza upande wote wa kushoto. Siku ya tatu hakuamka vizuri: vumbi la nyota zile lilikuwa limemwingia machoni na puani, mikono imevimba, na alipiga chafya kumi na saba mfululizo. Mama mkwe alihesabu.

"Nimenyoa vichwa vya watu wabishi," alisema huku akifuta machozi, "lakini mboga hii ina kiburi. Mwambie bosi wako nimestaafu."

Mkurugenzi aliposikia alisonya, kisha akaamua mgeni ataongozwa apite upande wa kushoto. Suala likafungwa.

Lakini kwa Hadubini lilikuwa limefunguka. Asubuhi hiyo alisimama kwenye njia ya mawe akitazama kushoto, akatazama kulia. Aina ile ile. Udongo ule ule, maji yale yale, jua lile lile. Tofauti ilikuwa wembe. Kwa miezi kumi na mmoja alikuwa akisema nywele ndizo kinga, na kila mara kamati ilimjibu kwamba labda ni utomvu, labda ni unene wa jani, labda ni bahati. Sasa Mkurugenzi mwenyewe, kwa agizo lake, alikuwa amemfanyia jaribio ambalo yeye asingethubutu kuliomba. Alirudi maabara, akachukua vibandiko na kalamu, akavipa vyungu vyote namba na kuandika tarehe. Kila siku, wakati wa chai, alipita na lenzi ya mkono, akapindua majani, akahesabu vidudu na mayai, akaandika. Watu walidhani anakagua usafi.

Utitiri haukuhitaji barua ya mwaliko. Ulitoka nyuma ya ghala, ukabebwa na upepo na nguo za watu. Wiki ya kwanza ilipokwisha, upande wa kulia ulikuwa na vidudu vichache vilivyopotea njia. Upande wa kushoto mayai yalikuwa yametapakaa kama chumvi. Wiki ya pili vidoa vyeupe vikaonekana kwa macho. Siku nne kabla ya ziara, safu nzima ya kushoto ilikuwa ya rangi ya shaba, na utando umeanza kuning'inia kwenye pembe za majani. Safu ya kulia, ile yenye kuwasha, ilisimama kijani kama haijui kilichowapata jirani zake.

Hadubini alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi na daftari lake. "Nilitaka uone mwenyewe kabla ya..."

"Nimeona!" Mkurugenzi alikuwa amesimama dirishani. "Mume wako kaleta wembe mchafu. Kaambukiza mimea ya serikali."

"Ulikuwa mpya, Mkurugenzi. Angalia hizi namba..."

"Sitaki namba! Nataka vyungu vile viondolewe asubuhi ya ziara, saa nne kamili, kabla mgeni hajafika saa tano. Kwa nini nisiviondoe leo? Kwa sababu leo wanapaka chokaa ukuta wa nyuma na hakuna pa kuviweka. Umeelewa?"

Alielewa. Alielewa pia kwamba amechoka. Alifunga daftari, akatoka, akaenda kukaa kwenye ngazi za maabara mpaka muda wa kuondoka ulipofika, hakuhesabu chochote.

Siku ya ziara ikatokea jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba ya kamati yoyote: mgeni aliwahi. Mheshimiwa, mwanamke mnene mwenye miwani mikubwa na mwendo wa haraka, alikuwa amekimbia mkutano mwingine uliomchosha, na saa tatu na nusu gari lake lilikuwa langoni. Mkurugenzi alitoka mbio akifunga kifungo cha koti. Vyungu vyote arobaini vilikuwa palepale.

"Karibu sana, Mheshimiwa, karibu! Tungeanzia ukumbini, kuna hotuba fupi ya dakika hamsini..."

"Hotuba baadaye," alisema Mheshimiwa akivua miwani na kuifuta. "Wiki ile nilipata barua kumi na nne. Zote zinaomba. Ya kwenu peke yake ilisema mna malaika. Nikasema hawa lazima niwaone. Haya, wako wapi?"

Mkurugenzi alitazama nyuma yake, kana kwamba mmoja wao angetokea mlangoni. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kipara. "Malaika, Mheshimiwa?"

"Malaika wanaolinda mabiringanya. Sahihi si yako?"

Waandishi wa habari wawili walisogeza vinasa sauti. Katibu Muhtasi alitazama viatu vyake. Mbwa wa mlinzi alisikika akijikuna. Ndipo Hadubini, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote na koti lake jeupe, akasema, kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko alivyokusudia:

"Si malaika *wanaolinda*, Mheshimiwa. Ni malaika *yanayolinda*."

Mheshimiwa aligeuka. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayeyahesabu."

Alimwelekeza kwenye safu ya kulia, akampa lenzi ya mkono, akapindua jani. Mheshimiwa aliinama, miwani ikamteleza, akaishika. Alitazama kwa muda mrefu.

"Nyota," alisema. "Jamani! Nyota tupu."

"Angalia pembeni ya mshipa ule. Unaona kitu kidogo chekundu?"

"Nakiona. Hakitembei."

"Kimenasa. Huo ndio utitiri."

Kisha akamvusha njia mpaka safu ya kushoto. Hapo lenzi haikuhitajika. Mheshimiwa alitazama majani ya shaba, akatazama utando, akarudisha macho kulia. "Hii ni aina nyingine?"

"Ni ile ile. Namba Kumi na Moja. Hii ya kushoto imenyolewa."

"Imenyolewa na nani?"

"Na mume wangu. Kwa wembe."

Mheshimiwa alicheka mpaka akashika tumbo. Waandishi nao wakacheka, na wajumbe wa kamati, walipoona ni salama, wakacheka pia. Mheshimiwa alipopata pumzi alisema, "Miaka yote nasomewa majedwali siyaelewi. Leo hata mjukuu wangu angeelewa. Hili wazo la kunyoa ni la nani?"

Hadubini alifungua mdomo. Mkurugenzi alikuwa amefungua wake kabla.

"Ni agizo langu," alisema, akajipiga kifua kidogo. "Nililitoa kwa maandishi."

Na hakudanganya, hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Hadubini alitaka kusema agizo lilitolewa ili mtu asiwashwe. Lakini Mheshimiwa alikuwa ameshaupa mkono wa Mkurugenzi mtikiso mkubwa, na kamera zilikuwa zimeshapiga.

"Safi sana," alisema Mheshimiwa. "Basi mwezi ujao utakuja makao makuu uwaeleze wataalamu wote. Wewe mwenyewe, usitume mtu. Wale watauliza kila kitu: nywele ngapi kwa kila jani, urefu gani, umezihesabuje. Mimi nitakaa mstari wa mbele."

Tabasamu la Mkurugenzi lilibaki mdomoni, lakini macho yalikuwa yameshaondoka.

Gazeti la kesho yake lilimwonyesha akiwa ameshika jani, na chini yake maneno: *Mkurugenzi anyoa mboga, agundua siri.* Hadubini hakutajwa. Mume wake alitajwa kama "fundi". Mama mkwe alilikata gazeti lile akalibandika ukutani hata hivyo, akisema fundi ni fundi.

Hadubini alikaa siku tatu bila kusema na mtu kazini. Siku ya nne, mlango wa maabara ukagongwa, jambo geni, kwa kuwa Mkurugenzi hakuwa na desturi ya kugonga milango ya kituo chake. Alisimama pale bila koti, mikono ya shati imekunjwa ovyo.

"Dada," alisema, na hilo nalo lilikuwa geni. "Nimesoma ripoti yako."

"Ulisema hivyo mara ya kwanza."

"Mara hii nimeisoma. Siku mbili." Alijikuna shingo. "Kuna vitu sivielewi. Wale wataniumbua."

Hadubini aliwaza kumwambia aende akaiulize kamati ya kuratibu kamati. Alikuwa na haki. Badala yake alimtazama mzee yule, miaka tisa ya Namba Saba ikiwa imekauka nyuma ya ghala, akavuta kiti cha pili.

"Waniite na mimi," alisema. "Jina langu liwe la kwanza kwenye ripoti, na nisimame pale mbele pamoja nawe. Vinginevyo jihesabie."

"La kwanza?"

"La kwanza."

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa, akaketi, akashika kihesabio cha chuma kama mtu anayeshika kifaranga.

Alihesabu wiki tatu. Mwanzoni alikosea kila mara, akachanganya nyota na vumbi, akaumwa mgongo, akafumba jicho lisilotakiwa. Kisha ikawa asubuhi moja wajumbe wa kamati ya ubora wakamsikia akipiga kelele maabara, wakakimbilia huko wakidhani kuna moto. Walimkuta ameinama, kola imekunjamana. "Kimenasa!" alikuwa akisema. "Mguu wa nyuma! Njooni mkione, kimenasa!"

Kule makao makuu Hadubini ndiye aliyezungumza zaidi. Mkurugenzi alijibu maswali mawili, yote kwa usahihi, na la tatu akasema, "Hilo muulizeni yeye." Siku hiyo hiyo alitia sahihi ya kuiondoa Namba Saba kwenye orodha. Wanaosema alilia wanatia chumvi. Aliomba tu apewe chungu kimoja aende nacho nyumbani.

Namba Kumi na Moja ilitolewa kwa wakulima msimu uliofuata. Kamati ilikaa vikao sita kutafuta jina, haikuafikiana, na miche ikaondoka na namba yake. Mabiringanya yake ni madogo, yana mistari, hayang'ai. Mwezi wa tatu, mkulima mmoja mwanamke alifika kituoni amebeba kapu limejaa, mikono yake ina vipele hadi kwenye viwiko, akaomba kumwona mwenye mbegu.

"Mbegu yenu inawasha," alimwambia Hadubini, akilitua kapu juu ya meza ya maabara. "Mwilini sina pa kujikuna tena. Jirani yangu kapanda ile ya dukani, shamba lake lote limekauka, kila siku anakuja kuniuliza nanyunyizia nini."

"Unamjibu nini?"

"Namwambia aje kunisaidia kuchuma, ndipo atajua." Mwanamke alikunja uso, kisha akacheka. "Nipe miche mingine mia. Na kama una shati kuukuu la mikono mirefu, nipe na hilo."

Hadubini alivua koti lake jeupe, akampa.